Mwiteni kwanza aliyeshinda

Kwa Mchungaji, Mwenyekiti na Wazee wa Baraza la kanisa letu,
Mombasa.



Nimesikia, kama walivyosikia wengine tunaobaki uwanjani baada ya ibada, kwamba Baraza limeanza kupanga mdahalo wa wagombea wa uwakilishi wadi kuelekea uchaguzi wa 10 Agosti 2027. Wapo waumini wanaotaka jambo hilo lifutwe kabisa. Mimi nataka lifanyike. Lakini nina ombi ambalo huenda likawaudhi baadhi yenu, na naliweka hapa mwanzoni ili asiyetaka kusoma zaidi asipoteze muda wake: kabla hamjamwalika mgombea yeyote wa 2027, mwiteni yule aliyesimama mbele yetu mwaka 2022, akaahidi, akashinda, na tangu hapo hajarudi.

Wazee wangu, mnajua vizuri kuliko mimi jinsi kanisa hili linavyotunza ahadi. Tulipokuwa tukijenga uzio, kila aliyeinua mkono aliandikwa kwenye daftari. Mama aliyeahidi mifuko miwili ya saruji alisomwa jina lake kwenye matangazo, Jumapili baada ya Jumapili, mpaka saruji ikafika. Yule mama ni mjane, anauza samaki wa kukaanga jioni. Hakuna aliyeona vibaya, hata yeye mwenyewe, ndivyo tulivyozoea. Basi inakuwaje mtu aliyesimama ukumbi uleule, akashika kipaza sauti kilekile, akaahidi barabara, maji, taa za mtaani na karo za watoto wetu, jina lake halijasomwa hata mara moja?

Niseme kwanza kwamba mdahalo ule wa 2022 ulikuwa jambo jema. Sijawahi kuona ukumbi umejaa vile pasipo harusi. Walikuja wa kanisa letu, wakaja wa Kipentekosti wa upande wa pili wa barabara, na wakaja majirani zetu Waislamu, kwa sababu wadi ni moja, mtaro unaofurika ni mmoja, na mwakilishi atakuwa mmoja. Mgombea mmojawapo alifika mlangoni akavua viatu kwa mazoea, kijana wetu aliyekuwa akipokea wageni akamwambia, "Hapa unaingia navyo, mheshimiwa," watu wakacheka, na kicheko kile kilifanya kazi kubwa kuliko sala ya ufunguzi. Mchungaji utaniwia radhi.

Najua kulikuwa na ubishi ndani ya Baraza kama Mwislamu aruhusiwe kusimama pale mbele. Nawashukuru walioshinda ubishi huo. Mombasa hii viongozi wa dini wamezoea kukaa meza moja, wana hata baraza lao la pamoja la Pwani, na ingekuwa aibu kwetu kuandaa mdahalo wa wadi nzima halafu tukawapanga wagombea kwa dini zao. Nasema haya kwa sababu nimeambiwa pia kwamba safari hii yupo mzee mmoja anayependekeza tuwaalike "watu wetu" tu. Tafadhali mkatalieni. Tukifika hapo, itakuwa kampeni iliyofunguliwa kwa maombi.

Kwa wale wanaosema kanisa si mahali pa siasa, naomba tuambiane ukweli. Siasa haijawahi kungojea ruhusa yetu. Huingia Jumapili baada ya mahubiri, na msafara wake, ikaitwa "salamu". Inapewa dakika mbili, inachukua ishirini, inaacha bahasha, inaondoka kabla ya baraka. Septemba 2021 huko Butere, siku ya kuwekwa wakfu kwa Rose Okeno, mwanamke wa kwanza kuwa askofu wa dayosisi katika Kanisa Anglikana nchini, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alikataa kuwapa wanasiasa nafasi ya kuhutubia, ingawa vigogo walikuwa wameketi pale mbele. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliamuru zirudishwe fedha ambazo Rais alikuwa ametoa kwenye kanisa Katoliki la Soweto, zaidi ya shilingi milioni mbili. Miezi michache baadaye, Machi 2025, kanisa la Jesus Winner huko Roysambu lilipoahidiwa shilingi milioni 20, vijana waliandamana hadi nje ya kanisa, na polisi wakatumwa kulinda ibada. Fikirini hayo tu: ibada ya Jumapili ikilindwa na polisi dhidi ya vijana ambao wengi wao walibatizwa makanisani.

Mdahalo ni kinyume cha salamu zile. Kwenye salamu, mwanasiasa anasema na sisi tunaitikia amina. Kwenye mdahalo, sisi tunauliza na yeye anahangaika. Ndiyo maana ufanyike siku isiyo ya ibada, ukumbini, si madhabahuni, na sadaka isipitishwe. Mwaka 2022 mlilisimamia hilo vizuri, isipokuwa ile bahasha ya kwaya iliyopokelewa nje, karibu na tangi la maji, jambo ambalo kwaya nzima inalijua, nami naimba sauti ya tatu. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 haisemi kwamba hongo ikipewa jina la sare za kwaya inakuwa sadaka.

Sasa nije kwenye maswali, maana hapo ndipo pana shida.

Mtakumbuka swali la maji. Liliulizwa na mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama, kwa sauti ya mtu aliyeamka saa tisa usiku kuchota: "Maji tutapata lini?" Wagombea wakajibu mmoja baada ya mwingine. Mmoja akasema siku mia moja. Wa pili akasema siku tisini, kana kwamba ni mnada. Aliyeshinda alisema angechimba visima vitatu na "kuongea na watu wa Mzima". Ukumbi ulipiga makofi.

Hakuna aliyewauliza mwakilishi wadi anawezaje. Maji ya Mombasa yanatoka mbali: Mzima Springs ndani ya Tsavo Magharibi, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere na Tiwi upande wa Kwale. Miaka mingi sasa tunaambiwa tungojee pia bwawa la Mwache. Kuyafikisha maji hayo kisiwani na viungani ni kazi ya shirika la serikali ya kitaifa. Kuyagawa mitaani ni kazi ya kampuni ya maji ya kaunti. Mwakilishi wadi hana bomba hata moja mkononi. Tena Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 9, inamkataza kujiingiza katika kazi za utendaji za serikali ya kaunti. Anachoweza, na ni kitu kikubwa, ni kupiga kura kwenye bajeti, kumwita waziri wa maji wa kaunti mbele ya kamati amhoji, kutaka hesabu za kampuni ya maji, na kukataa kupitisha makadirio yasiyotaja mabomba ya mtaa wetu. Hayo ndiyo tulipaswa kumuuliza: utakaa kamati gani? Utapinga nini? Makadirio yakiletwa mwisho wa Aprili, na bajeti inatakiwa kupita kabla ya Juni kwisha, sisi tutakuona lini katikati?

Simlaumu yule mama. Swali lake ndilo swali la kweli, na mtu aliyebeba mitungi hana wajibu wa kujua mgawanyo wa kazi katika Jedwali la Nne la Katiba. Lakini Baraza lina watu wanaojua. Tuna walimu, tuna wakili, tuna karani mstaafu wa lililokuwa baraza la manispaa ambaye anaweza kueleza bajeti ya kaunti kuliko wengi wanaoipitisha. Wiki moja kabla ya mdahalo, wangekaa na waumini jioni moja wakaeleza nani anafanya nini: kwamba zahanati, chekechea, masoko, mitaro na taka ni za kaunti; kwamba polisi ni wa serikali ya kitaifa; kwamba hatimiliki ya shamba haitolewi na bunge la kaunti. Mgombea aliyeahidi kutuletea kituo cha polisi asingepigiwa makofi. Pengine asingethubutu.

Na hilo la hatimiliki linanileta kwenye jambo ambalo halikunipendeza. Maswali yaliandikwa kwenye vikaratasi, yakakusanywa kwenye kikapu cha sadaka, yakapelekwa meza ya mbele, yakachujwa. Kijana mmoja aliandika kuhusu ardhi: kwamba familia yake imeishi pale tangu babu yake, na kila baada ya miaka michache hutokea mtu na karatasi akisema pale ni pake. Swali hilo halikusomwa. Alipoinuka kuuliza mwenyewe, aliambiwa muda umekwisha, kisha likasomwa swali kuhusu umuhimu wa maombi kwa viongozi.

Naelewa hofu yenu. Ardhi Pwani ni kaa la moto. Watu wamekuwa maskwota kwenye ardhi ya wazee wao tangu kabla ya uhuru, na baadhi ya wenye karatasi huenda wanakaa viti vya mbele kanisani. Lakini kama kanisa likiandaa mdahalo halafu likaondoa swali linaloumiza zaidi, wagombea wanaondoka wakijua kwamba hata hapa pana mlango wa kutokea. Safari hii maswali yasichujwe kwa sababu ni mazito. Yachujwe kama ni matusi au uchochezi wa kikabila, basi. Na yasomwe na mtu asiyetoka katika Baraza. Mwalimu wa shule ya msingi atatosha, wamezoea kunyamazisha watu wazima.

Kuna mgombea ambaye hakufika. Kiti chake kiliondolewa haraka kabla ya sala, wageni wasije wakauliza. Kwa nini? Kukwepa mdahalo ni ugonjwa wa nchi nzima. Mwaka 2013, mdahalo wa kwanza wa urais ulikuwa na wagombea wote wanane jukwaani, na tulidhani tumeanza desturi. Mwaka 2017 Raila Odinga alisimama peke yake kwa sababu Rais Uhuru Kenyatta hakutokea. Mwaka 2022 ikawa zamu ya William Ruto kusimama peke yake, Raila akiwa ndiye aliyekosekana. Midahalo hiyo miwili ilifanyika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, kwa hiyo kanisa limeshajua kukaa na kiti kitupu. Mbele ya runinga za nchi nzima jambo hilo lilivumilika. Sisi tunamwonea haya nani? Kiti kibaki, na jina lake liandikwe juu yake kwa herufi zinazosomeka mpaka nyuma.

Nirudi sasa kwenye ombi langu, maana najua litapingwa vipi. Mtasema: huyu mheshimiwa atagombea tena, tukimwita peke yake kabla ya wenzake tutakuwa tumempigia kampeni. Hoja hiyo ni nzito na sikuipuuza. Kanisa nchini lina historia ya pande zote mbili. Miaka ya themanini, wakati upinzani wa kisiasa haukuruhusiwa, ni viongozi wa makanisa kama Askofu Henry Okullu, Askofu Alexander Muge na Mchungaji Timothy Njoya waliosema kwa sauti yale ambayo wengine walinong'ona, na Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, lilipinga upigaji kura wa mlolongo ulipoletwa. Halafu ukaja uchaguzi wa 2007, na maaskofu na wachungaji wakagawanyika kwa makabila kama wanasiasa wenyewe. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa huku watu waliokimbilia humo wakiwamo, wanawake na watoto. Baada ya hapo NCCK walikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wamechukua upande. Sitaki kanisa letu lichukue upande wa mtu yeyote, na bila shaka si upande wa huyu.

Ndiyo maana sisemi aje kuhutubia. Aje kusomewa. Rekodi ya mdahalo wa 2022 ipo. Ichezwe ukumbini, sehemu yake yote, pamoja na makofi yetu. Baada ya kila ahadi, isimamishwe, naye aulizwe: hili limefika wapi, na kama halikufika, ulipiga kura gani, siku gani, ukipinga nini? Huenda ana majibu mazuri. Karo za watoto, kwa mfano, huenda zilikwama si kwa kosa lake. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alizionya kaunti zote kuhusu kutoa basari za masomo yaliyo chini ya serikali ya kitaifa pasipo makubaliano rasmi. Kama ndivyo, aseme, na sisi tujue kwamba mwaka 2022 aliahidi kitu ambacho hakikuwa chake kukiahidi, na wapinzani wake waliahidi hichohicho. Wapinzani nao waalikwe kusikiliza, wakae na watu, wasipewe kipaza sauti. Asivae sare za chama. Asije na vijana wa kushangilia. Na tukishamaliza, nakala ya rekodi apewe kila anayeitaka, msikitini kwa jirani pia.

Wala hatumwombi fadhila. Kifungu kilekile cha 9 nilichotaja kinamtaka mwakilishi wadi awe karibu na waliomchagua na ashauriane nao kuhusu mambo yaliyo mbele ya bunge la kaunti. Ameapa kufanya hivyo. Sisi tunampa ukumbi bure, na chai.

Sababu yangu kubwa, hata hivyo, si yeye. Ni wale watakaokuja 2027. Mwaka 2022 walituahidi kwa wepesi kwa sababu walijua hakuna atakayekumbuka. Na kweli tulisahau haraka. Kura ya gavana wetu iliahirishwa hadi 29 Agosti kwa sababu picha za wagombea zilikosewa kwenye karatasi za kura, mji ukazama tena kwenye kampeni, na mpaka vumbi linatulia hakuna aliyekuwa akizungumzia visima. Mgombea mpya akimwona aliyemtangulia ameketi pale mbele akisikiliza sauti yake mwenyewe ya miaka minne iliyopita, atapima maneno. Huenda akasema "hilo siliwezi". Mimi nitampa kura yangu mtu wa kwanza atakayetamka hivyo ndani ya ukumbi wetu, awe wa dini yoyote.

Msipomwita, au mkimwita asije, bado rekodi ichezwe. Kiti kiwepo.

Napendekeza Jumamosi moja kabla ya Krismasi, asubuhi, ili wanaofanya kazi za jioni waweze kuja. Yule mama wa saruji amesema atakuja. Barua ya mwaliko iandikwe na Katibu wa Baraza, ipelekwe ofisi ya wadi na ofisi yake kwenye bunge la kaunti, na mhuri wa kupokelewa ugongwe kwenye nakala yetu, asije akasema haikufika. Rekodi yenyewe imo kwenye kompyuta ya ofisi ya kanisa, ile inayozimika yenyewe ikipata joto. Naomba ihamishwe wiki hii.

Wenu katika Kristo,
Muumini, safu ya sauti ya tatu.

Nakala: Mheshimiwa mwakilishi wadi wetu, kwa mkono wa yeyote atakayebahatika kumwona.